Flashi ya simu na mboni ya mtoto

Hili la kutafuta dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, kwa flashi ya simu nimefundishwa na muuguzi wa macho hapa Dodoma, na kila mwenye mtoto wa chini ya miaka 5 alijue. Jioni, chumba kikiwa na giza kidogo, simama hatua mbili tatu kutoka kwa mtoto, mwite aitazame simu moja kwa moja, mpige picha kwa flashi. Zima kwanza ule mpangilio wa kuondoa wekundu wa macho. Kisha vuta picha uangalie mboni moja moja. Mwanga ukigonga damu ya nyuma ya jicho hurudi mwekundu. Penye uvimbe hurudi mweupe au wa manjano, kama jicho la paka usiku. Gizani mboni hupanuka, ndiyo maana mchana huoni kitu.

Mtoto akitazama pembeni, mboni inaweza kung'aa bure, kwa hiyo rudia mara tatu. Mtoto wa jicho nao huleta weupe. Na uvimbe mdogo au wa pembeni hauonekani kabisa, basi jicho likienda upande mpeleke hata kama picha ni safi.

Weupe ukijirudia, usitie dawa ya matone wala maji ya majani. Nenda na picha hospitali yenye kitengo cha macho, hata Mvumi, wiki hiyo hiyo. Retinoblastoma ikiwahiwa hutibika, mara nyingine jicho likabaki.

Kwa mtu mzima flashi haitoshi: kinyama kinachokua kwenye weupe wa jicho kipimwe saratani, hasa kwa anayeishi na VVU.