Jinsi ya kuandaa usiku wa kumkumbuka mchekeshaji bila kuugeuza msiba wa pili (kwa sisi wa Dodoma)

Mara ya kwanza tulipofanya hiki kitu uani kwetu Chang'ombe (Chang'ombe ya Dodoma jamani, sio ya Dar), MC wetu alishika maiki akaanza na ile sauti ya msibani, "ndugu waombolezaji", halafu akatoa simu akasoma wasifu wa marehemu, alizaliwa wapi, akasoma wapi, akaanza sanaa lini, mpaka watoto waliokaa mkekani wakalala na mama mmoja akaanza kutafuta pochi akijua sasa inakuja rambirambi. Na tulikuwa tunamkumbuka Mzee Majuto! Mtu ambaye alikuwa akikunja uso tu, hajasema neno, wewe umeshacheka. Watu waliondoka wamenuna, jirani yangu akaniambia bwana wewe, mmemzika tena.

Tumerudia mara kadhaa tokea hapo na sasa tuna namna yetu, sio ya kitaalamu ila inafanya kazi, kwa hiyo naiandika hapa kwa yeyote anayetaka kufanya mtaani kwake.

Kwanza tarehe. Wengi wanakimbilia siku ile ile aliyofariki, sio mbaya, ila kwa Dodoma angalia kwanza mji una nini. Mzee Majuto, jina lake halisi Amri Athuman, alifariki tarehe 8 Agosti 2018, yaani Nanenane yenyewe, sikukuu ya wakulima. Sasa we jaribu kukodi viti na turubai Dodoma siku ya Nanenane uone, vyote vimehamia Nzuguni kwenye maonesho, na ukibahatika kupata spika basi mwenye spika anakutajia bei kama anakuuzia. Sisi tunapeleka Jumamosi inayofuata na marehemu hajawahi kulalamika. Na hapo tukagundua kitu, Patrick Balisidya naye alifariki tarehe 7 Agosti, mwaka 2004, na yule ni wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Mvumi, ndo yule mwanamuziki wa bendi ya Afro 70 iliyokwenda Lagos kwenye tamasha la sanaa la FESTAC 1977. Kwa hiyo Jumamosi moja tunawabeba wote wawili, gitaa la Balisidya linapiga wakati watu wanafika na kutafuta pa kukaa, Majuto anakuja watu wakishashiba.

Ngwair, yule rapa, ni 28 Mei, alifia Afrika Kusini 2013 na kuzikwa Morogoro, ila sisi Dom tunamhesabu wetu maana kakulia hapa, na mtu asiniambie hakuwa mchekeshaji, mistari yake ilikuwa inachekesha kuliko vichekesho vya watu wengi. Mwezi huo Bunge la bajeti limejaa mjini, usihangaike na ukumbi, fanya uani. Sharo Milionea, mchekeshaji aliyekuwa anaimba pia, ni 26 Novemba, mwaka 2012, ajali ya gari kule Muheza akiwa anaelekea kwao Tanga. Huo kwangu ndo mwezi mzuri kuliko yote, upepo umepungua, mvua haijachanganya, na usiku kuna joto watu hawakimbilii kulala. Hukwe Zawose, mwanamuziki, mzee wetu wa zeze na ilimba (vyombo vya muziki vya Kigogo), alifariki 30 Desemba 2003, huyo andaa turubai kabisa maana mvua ya Desemba haina adabu.

Pili, hakikisha habari zako. Hii naisema kwa uchungu maana kuna mwaka mimi mwenyewe niliandika kwenye tangazo kwamba Sharo alifariki 2013, nimeitoa kwenye posti ya mtu bila kuuliza, na MC akaisoma vile vile, bodaboda mmoja kule nyuma akapiga kelele "elfu mbili na kumi na mbili!" na watu wakacheka, sawa, ila nilijisikia vibaya, unamkumbuka mtu halafu hata mwaka hujui. Na kama ni msanii ambaye ndo kwanza kafariki leo au jana basi usiposti chochote mpaka familia au watu wake wa kazi wamesema. Mzee Majuto alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla hajafa kweli, fikiria wewe ni mwanae upo kazini simu zinaanza kuingia za pole na baba umemuacha nyumbani anakunywa chai. Kuchelewa nusu siku hakukupunguzii upenzi wako.

Na ukiwa kwenye hilo hilo, picha za hospitali marufuku. Za ajali marufuku mara mbili. Kuna kijana alituletea fleshi imejaa picha za marehemu kitandani kakonda, anasema anataka watu waguswe. Tukamrudishia fleshi yake. Huyu mtu alitumia maisha yake yote kukuonyesha sura ya kuchekesha, wewe unaenda kumchagulia hiyo?

Sasa twende kwenye kitu ambacho kwangu ndo chenyewe. Tumia utani. Sio vichekesho, nasema utani, ule wa makabila. Sisi huku Ugogoni tumeukuta, Mgogo akifa Mhehe anakuja msibani sio kulia, anakuja kufanya vurugu, na hakuna wa kumzuia maana ni haki yake. Mimi niliona Bahi, mzee wa watu kafariki, watu wameinama, mara akatokea mtani wake kavaa koti la marehemu na kofia yake na fimbo yake, akawa anatembea vile vile marehemu alivyokuwa anatembea, anavuta mguu mmoja, anasimama kila baada ya hatua tatu kuwafokea mbuzi ambao hawapo. Mjane alikuwa hajanyanyua kichwa toka asubuhi. Akanyanyua, akamwangalia, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu ndo akalia vizuri. Huyo mtani alipoingia kaburini akalala humo akasema hatoki mpaka apewe hela ya soda, shughuli ikasimama, wakachanga, akatoka.

Nilikumbuka lile koti baada ya ule usiku wetu uliobuma, nikasema kumbe wazee walishamaliza hii kazi zamani sana. Kwa hiyo siku hizi badala ya MC wa suti tunatafuta mtani. Kigezo chetu ni kimoja, awe anaweza kumuigiza marehemu mwendo na sauti bila kumdhalilisha, na kigezo kidogo cha pili, awe hajalewa. Anaingia kama marehemu mwenyewe, anauliza mbona mmekaa hivi, nani kafa? Anawadai watu hela. Anamuuliza mwenyekiti wa mtaa taa za barabarani zimeenda wapi. Usimwandikie maneno, ukimwandikia anakuwa kama mtoto wa shairi siku ya mahafali.

Baada ya mtani, maiki iende kwa watu, na hapa swali unalouliza ni muhimu sana kuliko unavyodhani. Ukiuliza "unamkumbukaje marehemu" kila mtu atakujibu alikuwa mcheshi, alipenda watu, tutamkumbuka daima, basi, watu kumi jibu moja. Uliza hivi: ulikuwa wapi na nani siku ulipomcheka kuliko siku zote? Hapo ndo vitu vinatoka. Mama mmoja anayeuza maandazi hapo Majengo alisema yeye filamu za Majuto alikuwa haoni, alikuwa anasikiliza tu, maana kibanda cha video kilikuwa ukuta kwa ukuta na jiko lake, kiingilio hana, kwa hiyo yeye anamjua kwa sauti, na akatufanyia pale pale Majuto akigombana na mtu mlangoni, akiwa kashika mwiko, na nawaambia klipu zote tulizokuwa nazo kwenye laptopu zikakosa kazi. Yule mama sasa hivi hatumuombi, ana namba yake kwenye ratiba.

Klipu ziwe chache na fupi, nne au tano, dakika mbili mbili. Watu hawajaja kuangalia filamu, filamu wanazo kwenye simu. Kwa wale wachekeshaji wanaoimba kama Sharo changanya, klipu moja ya kuigiza, wimbo mmoja, maana yule ukimuonyesha upande mmoja tu umemkata nusu. Vijana wa siku hizi kuna wanaojua vichekesho vyake na hawajui kama alitoa nyimbo, na kuna wenye nyimbo zake na hawajawahi kuona ule mwendo wa kisharobaro.

Vifaa. Projekta unaweza kukodi au kuazima kwa mtu wa kanisani au mwalimu, tatizo la Dodoma sio projekta, ni upepo. Mwezi wa saba na wa nane jua likishazama upepo unakuja na vumbi lake na baridi yake. Sisi tulitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, upepo ukaingia, shuka likawa tanga la jahazi, uso wa Mzee Majuto ukavimba kama puto halafu ukanywea halafu ukavimba, na ile ndo ilikuwa sehemu iliyochekesha kuliko zote usiku ule, ila huwezi kutegemea upepo kila mwaka. Tumia ukuta uliopakwa chokaa. Kama ni lazima shuka, lifunge pembe zote nne na chini weka tofali. Maiki ivishe soksi, safi, la sivyo kwenye spika unasikia kama lori linapanda mlima Sekenke. Mishumaa achana nayo, inazimika yote kabla hujawasha wa tatu, na vile vile baadhi ya hawa marehemu ni Waislamu, kuanza na dua fupi ni heshima zaidi kuliko mishumaa tuliyoiona kwenye tamthilia. Mara nyingi tunaanza na dua, dakika mbili, anaombwa mzee wa mtaa, halafu tunaachia muziki. Luku ya umeme ijazeni mchana, naomba nisieleze kwa nini najua hilo.

Vibali, haraka haraka. Ukifanya uani, bure, watu wa mtaa, mwambie mwenyekiti wa mtaa na majirani, maliza saa nne, kwetu imetosha. Ukiweka kiingilio au ukafanyia baa au ukumbini mambo yanabadilika, kamuone afisa utamaduni wa jiji kuhusu kibali, na nyimbo na filamu zina wenyewe, hapo kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Watu wanadhani msanii akifa na haki zake zimekufa, hapana, zimehamia kwa warithi. Wa kuziachia ni mwenye haki na ni wachache mno wanaofanya hivyo. Kuna mzee mmoja wa Marekani, Tom Lehrer, mwalimu wa hesabu aliyekuwa anakaa kwenye piano anaimba nyimbo za kejeli, huyo mwaka 2020 alitangaza kwamba maneno ya nyimbo zake yeyote achukue atumie bure, akafariki Julai 2025 akiwa na miaka 97. Wetu hawakutuachia karatasi kama hiyo, na wameacha familia, kwa hiyo usichukue kazi yao ukapiga nayo hela.

Hapo hapo kwenye hela, kusiwe na kapu la mchango "kwa ajili ya familia ya marehemu" kama hamjaongea na familia yenyewe. Najua nia ni nzuri, ila mwaka mmoja mtu alipitisha kofia bila kutuambia na mpaka leo ile kofia hatujui iliishia wapi, na mtaani sisi ndo tunaulizwa. Siku hizi watu wanachanga ya viti tu, kiti mia tano, na anayetaka anakuja na kigoda chake.

Chakula sina la kukufundisha, karanga za kuchemsha, chai ya tangawizi, mishikaki kama kuna mtu wa jiko karibu. Mvinyo wa zabibu upo na tuko Dodoma, ila uje baada ya wazee kuondoka.

Cha mwisho ambacho watu wanasahau ni kurekodi. Sio video, video inafanya watu waanze kujitengeneza nywele. Weka simu moja juu ya meza karibu na maiki irekodi sauti tu, usiku kucha, kesho yake hamishia kwenye fleshi na kwenye simu ya mtu mwingine. Tuna sauti ya mzee mmoja akisimulia alivyomwona Zawose akipiga zeze kijijini kabla hajaenda Bagamoyo, na yule mzee mwenyewe mwaka huu hatunaye, wajukuu zake wamekuja kuomba nakala.

Novemba inakuja na mpaka sasa tunahangaika kupata wa kutembea kama Sharo. Yupo kijana wa saluni ya hapa Chang'ombe, mwendo anao, miwani anayo, mabega yanashuka vile vile inavyotakiwa, shida yake anacheka mwenyewe kabla hajafika katikati ya uwanja. Tumempa wiki tatu za mazoezi, anafanyia kwenye kioo cha saluni, na wateja wameanza kulalamika.