Kuandaa Kompyuta ya Kazi Moja kwa Alpine Linux

Msikiti mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ulihitaji skrini ya kuonyesha nyakati za swala, nami nilikuwa na kompyuta kuukuu yenye memori ya gigabaiti 2. Mashine ya namna hii haina haja ya kivinjari. Inachotakiwa ni kuwaka yenyewe umeme unaporudi, kwani hapa kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi. Nilichagua Alpine, toleo dogo la mfumo wa Linux, ambalo linaweza kupakia mfumo mzima kwenye memori na kuiacha diski ikisomwa tu, hivyo hata plagi iking'olewa ghafla hakuna faili inayokatiziwa katikati ya kuandikwa.

Hatua ya 1. Pakua faili ya ISO (nakala ya mfumo katika faili moja) ya aina ya Standard, iandike kwenye flashi kwa amri ya `dd`, kisha washa kompyuta kwa flashi hiyo na uingie kama `root`, yaani msimamizi mkuu, bila nywila. Flashi iliyoandikwa hivi haiwezi kutunza mipangilio yako, na ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 2. Hakikisha kwa `fdisk -l` ni ipi diski ya ndani, maana kila kilichomo kitafutika. Tenga sehemu moja ya FAT32 (aina ya mpangilio wa faili), uitie alama ya kuwashia, uiumbize kwa `mkfs.vfat` ya kifurushi cha `dosfstools`, halafu unakili mfumo kwa `setup-bootable`, ukitaja kwanza flashi, kisha `/dev/sda1`, yaani sehemu uliyotenga. Chomoa flashi na uwashe upya.

Hatua ya 3. Tekeleza `setup-alpine`, amri inayokuuliza maswali ya mipangilio. Saa za eneo ni `Africa/Nairobi`. Ukiulizwa diski jibu `none`, na mahali pa kutunzia mipangilio taja `sda1`.

Hatua ya 4. Weka skripti yako, kwa mfano `/usr/local/bin/swala`, inayosoma faili ya maandishi yenye mistari 366, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Ipe ruhusa kwa `chmod +x`, kisha katika `/etc/inittab`, faili inayotaja programu za kuanzishwa mashine inapowaka, badilisha mstari wa `tty1` (skrini ya kwanza) uwe `tty1::respawn:/usr/local/bin/swala`. Usiguse `tty2`, kwani ndiyo mlango wako wa kuingilia kwa Alt+F2 skripti ikigoma.

Hatua ya 5, ambayo iliniaibisha. Kwa kuwa mfumo unakaa kwenye memori, mabadiliko hutunzwa kwenye diski kwa amri ya `lbu commit`, nayo huhifadhi `/etc`, folda ya mipangilio, peke yake usipoiagiza zaidi. Mimi niliitekeleza, nikaondoka nikiwa nimeridhika, na umeme ulipokatika na kurudi, skrini ikabaki nyeusi: `inittab` ilikuwepo, lakini skripti ilikwisha toweka pamoja na memori. Kwa hiyo anza na `lbu include /usr/local/bin`, ujumuishe vivyo hivyo folda yenye ratiba ikiwa iko nje ya `/etc`, ndipo utekeleze `lbu commit`. Kabla ya kuzima, `lbu status` ikionyesha chochote, kazi haijahifadhiwa bado.

Kama hakuna intaneti ya kurekebishia saa, badilisha pia betri ya saa ya CR2032, rekebisha saa kwa `date`, na uiandike kwenye ubao mama kwa `hwclock -w`. Mwadhini hatakuelewa ukimwambia kompyuta iliamka ikidhani ni mwaka mwingine. Mwisho ng'oa plagi mara tatu mfululizo mbele ya wenyeji wako, na ratiba ikirudi mara zote tatu bila mtu kugusa kibodi, tundika skrini ukutani.