Somo: Kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, kuanzia ubao hadi nukta ya mwisho

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, aliyezaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932, hakusomea uchoraji. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam kutafuta riziki, na mwaka 1968 akaanza kuchora picha zilizouzwa kwenye duka la Morogoro Stores, mtaani Oyster Bay jijini humo. Alitumia vitu alivyoweza kuvipata, yaani vipande vya hadibodi, ambayo mafundi huipigilia darini, pamoja na rangi ya mafuta yenye kung'aa. Wako wanaoyahusisha maumbo yake na michoro ya kutani ya Wamakua, kabila la kusini mwa Tanzania. Mimi naona vifaa hivyo viliuongoza mkono wake zaidi, ndiyo maana somo linaanza navyo.

Hatua ya 1. Kata hadibodi mraba wa takriban sentimita 60 kwa 60, piga msasa mwepesi upande laini, kisha futa vumbi.

Hatua ya 2. Paka rangi ya chini, na hapa usiwe na haraka. Ukitaka anga la magharibi, paka rangi ya chungwa nusu ya chini ya ubao na nyekundu nusu ya juu, kisha, zote zikiwa bado mbichi, zivute kwa brashi pana kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka mstari unaozitenganisha upotee. Acha ubao ulale mahali pasipo na vumbi kwa siku nzima, au zaidi wakati wa masika. Gusa pembeni kwa kidole: kikinata hata kidogo, subiri, kwa sababu rangi ya juu itakayopakwa hapo itachanganyika na ya chini na kuacha tope.

Hatua ya 3. Chora kwa chaki mnyama mmoja mkubwa anayekaribia kuujaza ubao. Jaza umbo lake kwa rangi moja, bila kivuli.

Hatua ya 4. Likikauka, tia madoa kwa brashi nyembamba. Doa la chui hupakwa jeusi kwanza, na katikati yake hutiwa nukta ya hudhurungi baada ya lile jeusi kukauka. Jicho liwe la mwisho.

Maswali yanayoulizwa

Swali: Je, naweza kutumia akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji?
Jibu: Unaweza, nayo hukauka upesi, lakini utaukosa ule mng'ao, na kuvuta rangi mbili zikiwa mbichi kutakuwa kugumu.

Swali: Mbona picha za siku hizi zimejaa wanyama, nyumba na watu, tena ziko kwenye kitambaa?
Jibu: Kitambaa hukunjwa kikaingia katika begi la mtalii, ilhali hadibodi haikunjiki. Ama msongamano huo, soko liliupenda, na wachoraji waliomfuata Tingatinga waliongeza mambo yao. Mwenyewe alichora kwa takriban miaka 4 tu, kwani mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi na jamaa zake ndio walioendeleza kazi, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika.

Swali: Nikimaliza, nitie sahihi ya nani?
Jibu: Yako. Tingatinga alitia yake kwenye kazi zake, na picha za kughushi zenye jina lake tayari ni nyingi. Iweke kwenye kona ya chini, kwa rangi iliyokwisha kutumika ndani ya picha, isije ikashindana na jicho la mnyama.