Adhabu ya mbolea na kodi ya Marekani: usiiingize kwenye gharama kabla ya kusoma barua

Ukiuza mbolea Marekani, ipo siku mkaguzi wa jimbo atakuja na bambo lake la kuchotea sampuli, atoboe magunia, apeleke sampuli maabara. Lebo yako inasema 10-10-10, yaani asilimia 10 ya nitrojeni, 10 ya fosfati na 10 ya potashi, majibu yanarudi nitrojeni 8. Katika majimbo mengi adhabu hupigwa kwa thamani ya kirutubisho kilichopungua, na hulipwa kwa mkulima aliyenunua. Asipopatikana, fedha huingia serikalini.

Hatua ya 1: Tafuta barua ya jimbo. Risiti ya benki inaonyesha kiasi tu, lakini barua inasema unalipa nini na kwa nani.

Hatua ya 2: Tenganisha malipo. Ada ya usajili na ada ya ukaguzi kwa tani ni gharama halali za biashara, unazitoa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi. Faini ya kuchelewesha ripoti ya tani ulizouza haikubaliki kikodi, kwa sababu kifungu cha 162(f) cha sheria ya kodi ya Marekani kinakataa malipo yanayotolewa kwa serikali, au kwa agizo lake, kwa kosa la kuvunja sheria.

Hatua ya 3: Zigeukie fedha za mkulima. Hapa ndipo wateja wangu wengi wameumia. Wanasema, "Si amelipwa mkulima? Serikali haikupata kitu." Lakini tangu tarehe 22 Desemba 2017, agizo la serikali linatosha kuyazuia malipo hayo yasihesabiwe gharama, hata yakiishia mfukoni mwa mtu binafsi. Yanakubaliwa yakiwa ya kumrudishia mnunuzi hasara yake, na hati yenyewe iseme hivyo. Tuseme umepigwa dola 3,000: za mkulima 2,200, faini 500, na 300 za kurudisha gharama za uchunguzi wa jimbo. Zinazoweza kupona ni zile 2,200 peke yake. Kwa hiyo kabla hujasaini makubaliano, omba yataje 2,200 kwa tarakimu na yaseme wazi kuwa ni fidia ya hasara ya mnunuzi. Ombi hilo ni sentensi moja tu, nami nakusihi usiliache.

Hatua ya 4: Weka jalada moja lenye hati, ripoti ya maabara, namba ya loti na hundi iliyolipwa yenye tarehe. Maneno ya hati peke yake hayatoshi, lazima uthibitishe kuwa ulilipa.

Hatua ya 5: Jumla ya malipo yaliyoagizwa ikifika dola 50,000, serikali hupeleka fomu 1098-F, inayoripoti malipo hayo, kwa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) na nakala kwako. Ilinganishe na vitabu vyako kabla ya kuwasilisha ritani ya kodi.