Somo: Namna ya kumpa mtu gemu ambayo haijakamilika na kupata maoni ya kukusaidia

Habari wadau. Somo hili ni la sisi tunaotengeneza gemu kwa mapenzi, baada ya kazi au masomo. Wengi wetu hatukwami kwenye kodi (maandishi ya programu) wala michoro. Tunakwama kwa sababu gemu inakaa kwenye kompyuta miezi na miezi bila mtu mwingine kuishika, na ikitoka tunaambulia "safi sana, kaza buti". Maneno hayo yanatia moyo, lakini hayakuonyeshi cha kurekebisha.

Hatua ya 1: Itoe mapema

Usisubiri menyu, muziki wala hadithi. Kama ni gemu ya kukimbia na kuruka, eneo moja fupi lenye mhusika wa mraba linatosha. Gemu ya Celeste ya 2018 ilitokana na gemu ndogo iliyotengenezwa kwa siku 4 kwenye PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogo ndogo. Minecraft ilianza kuchezwa na watu mwaka 2009 na toleo kamili likaja 2011. Kuna faida nyingine: mtu akikuta kila kitu kimeshapambwa huona haya kukuambia ubomoe. Akikuta miraba mitupu, atasema.

Hatua ya 2: Mpunguzie mchezaji usumbufu

Ukituma faili la .exe (programu ya Windows) ambalo halina saini ya kidijitali ya mtengenezaji, Windows huweza kumtolea onyo, na wengi huishia hapo. Godot na Unity, programu za kutengenezea gemu, zote zinatoa toleo linalochezwa kwenye kivinjari (kama Chrome), litumie hilo. Kwenye itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, kusanya faili zote ndani ya zip moja, la kuanzia liitwe index.html, kisha chagua kwamba gemu inachezwa kwenye kivinjari. Angalia herufi kubwa na ndogo: Windows huchukulia Mlango.png na mlango.png kuwa faili moja, ila ukishapakia yanakuwa mawili tofauti na picha haionekani. Kama hutaki kila mtu aione, ukurasa unaweza kuuwekea nenosiri.

Andika namba ya toleo kwenye pembe ya skrini. Itakuokoa pale mtu atakapolalamikia kitu ulichokwisha kurekebisha.

Hatua ya 3: Uliza jambo mahususi

"Mnaionaje?" huzaa "nzuri". Uliza: ulikwama wapi kwanza? Uliacha kucheza ukiwa wapi? Yule adui mwekundu ulidhani anafanya nini?

Hatua ya 4: Kaa kimya utazame

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ngumu. Mchezaji amefika mlangoni, anazunguka, anarudi nyuma, anaugonga ukuta. Wewe pembeni mdomo unakuwasha umwambie "bonyeza E". Usiseme. Ukimwambia atapita, nawe hutajua kwamba mlango wako unaonekana kama pambo la ukutani. Wachezaji watakaokuja baadaye hawatakuwa nawe pembeni.

Kama yuko mbali, mwombe arekodi skrini kwa OBS Studio, na ikiwezekana aseme kwa sauti anachofikiria huku akicheza. Sikiliza anachosema, lakini tazama zaidi anachofanya.

Hatua ya 5: Ugonjwa ni wake kueleza, dawa ni yako kutafuta

Mchezaji anakuambia: "Mhusika anaruka chini mno, mwongezee nguvu." Ukimtii, kila jukwaa (sehemu ya kurukia) ulilopima linaharibika. Sasa irudie rekodi fremu kwa fremu, yaani picha moja moja: kitufe amekibonyeza wakati mguu umeshaacha ukingo, gemu ikamhesabu yuko hewani na ikakataa. Kuruka kwenyewe hakuna tatizo. Mpe msamaha wa kama sekunde 0.1, yaani fremu 6 kwa gemu ya fremu 60 kwa sekunde, ambamo bado anahesabiwa yuko ardhini. Fanya hivyo pia kwa anayebonyeza mapema kabla hajatua: gemu ikumbuke kitufe kwa muda mfupi, imrushe akigusa chini. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli kabisa, ni chanzo tu alichokikosea.

Hatua ya 6: Nawe cheza za wenzako

Anayeomba maoni bila kutoa, watu humchoka. Ukicheza gemu ya mwenzio, mwambie ulichokiona na ulichohisi, mahali na toleo, kabla hujamwambia wewe ungefanyaje. Naye aliyekusaidia, ukirekebisha mjulishe.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nikiionyesha mapema hawataiba wazo langu?
Hakimiliki hulinda kodi, michoro na muziki wako, si wazo tupu. Kazi kubwa iko kwenye kulitekeleza, na utekelezaji ndio unaohitaji macho ya watu. Kama roho haijatulia, weka nenosiri uwape unaowaamini.

Kwenye kompyuta yangu muziki unalia, kwenye kivinjari kimya. Kwa nini?
Vivinjari huzuia sauti mpaka mtu abonyeze kitu kwenye ukurasa. Weka skrini ya "Bonyeza kuanza", muziki uanzie hapo.

Mmoja kasema ngumu, mwingine rahisi. Nimfuate nani?
Usichukue katikati. Waulize wamezoea gemu za aina gani, kisha linganisha walikofia. Wakifia mahali pamoja, paangalie pale kwanza. Kama yule wa "ngumu" hajawahi kucheza aina hiyo, huenda kinachokosekana ni eneo la kujifunzia mwanzoni, na ugumu wenyewe ubaki.

Kuna jamaa ameiponda vibaya, nimjibu?
Usijitetee. Muulize: "Ulikuwa sehemu gani ulipoichoka?" Akijibu, umepata maoni. Asipojibu, endelea na kazi yako.

Mimi bado najifunza, sina gemu. Maoni yangu yana maana?
Yana maana sana, ndugu. Mtu huwa mgeni kwenye gemu mara moja tu, akishajua mlango uko wapi hawezi kukuonyesha tena kwamba haukuonekana. Kwa hiyo wenye gemu msimalize wageni wote kwenye toleo la kwanza, bakizeni wachache kwa kila toleo. Nawe chagua gemu moja leo, icheze bila kusoma maelezo, uandike kila mahali ulipositasita.