Kosa la kalibresheni likiwa kubwa, anza na ubao

Unafanya kalibresheni ya kamera, yaani kuipatia programu tabia za lenzi yako ili picha zitoe vipimo sahihi. Umepiga picha za ubao wa drafti, umeziingiza OpenCV (programu huria ya kuchakata picha), nayo inakurudishia kosa la pikseli 2 au 3, yaani umbali kati ya kona zinapoonekana kwenye picha na pale hesabu inaposema zingekuwa. Kwa kazi ya kupima vitu kwa picha, lenga chini ya 0.5. Kabla hujagusa kodi:

Hatua ya 1. Angalia kosa la kila picha, siyo la jumla tu. Kama ni mbili tatu zilizopanda peke yake, zifungue: utakuta mtikisiko, mng'ao wa taa au kona zilizosomwa vibaya. Zitoe, urudie hesabu. Zikiwa mbaya zote, endelea.

Hatua ya 2. Ubao. Wengi wanakwama hapa. Hesabu yote inachukulia kwamba kona ziko kwenye bapa moja, ilhali karatasi ya A4 iliyobandikwa kwenye boksi hupinda, na unyevu huizidishia. Ibandike kwenye kioo au alumini bila viputo vya hewa. Laza rula juu yake. Mwanga ukipenya chini ya rula, huo bado siyo ubao.

Hatua ya 3. Zima fokasi ya otomatiki na kizuia mtikisiko, zumu usiiguse. Fokasi ikihamahama, kila picha ni kama imetoka kamera nyingine. Na jamani, picha msizipitishe WhatsApp kwa njia ya kawaida, zinapunguzwa ukubwa.

Hatua ya 4. Picha 15 hadi 20, ubao umeinamishwa huku na huku, ukifika hadi pembeni mwa fremu.

Swali: Mkuu, kwenye programu niliandika mraba ni milimita 25, printa imetoa 24. Ndiyo sababu?

Jibu: Hapana. Kama imepungua sawasawa pande zote, kosa la pikseli halibadiliki. Vipimo ndivyo vitaharibika: kitu cha 24 utakisoma 25. Pima miraba kumi kwa pamoja, gawanya, andika namba hiyo.

Swali: Mimi napata 0.2, lakini urefu wa meza haulingani na tepu. Inakuwaje?

Jibu: Huenda ubao ulikuwa umetazamana na kamera picha zote. Hapo programu haiwezi kutenganisha umbali wa ubao na umbali wa fokasi (kipimo cha lenzi kinachoamua kitu kionekane kikubwa kiasi gani). Kosa dogo, jibu la uongo. Inamisha nyuzi 30 hadi 45, upige upya.

Swali: Nimewasha vigezo vyote vya upotoshaji wa lenzi (namba zinazoeleza lenzi inavyopinda mistari iliyonyooka), kosa likashuka. Niviache?

Jibu: Jaribu kwanza kwenye picha ambazo hazikuingia kwenye hesabu. Kosa likipanda huko, vipunguze.