Kuingia shindano la hapsikodi la upigaji wa kihistoria: anza na ala, vipande baadaye

Katika kanuni za shindano lolote la hapsikodi (ala ya kale ya kibodi ambayo waya zake hudonolewa) kuna aya fupi ambayo waombaji wengi huipita mbio: ile inayotaja ala zitakazokuwa jukwaani. Isome kabla ya orodha ya vipande na kabla ya kiasi cha tuzo. Programu nzuri hujengwa kutoka kwenye ala kuja kwenye vipande. Anayefanya kinyume hugundua kosa lake siku ya mazoezi, vidole vikiwa vimeshazoea noti ambayo ala haina.

Piano za leo hufanana, hapsikodi hazifanani. Nakala ya ala ya Kifaransa ya karne ya 18, tuseme ya mafundi Blanchet au Taskin, kwa kawaida ina kibodi mbili na vibonye 61, kuanzia FF (F ya chini kabisa) hadi f3 (F ya juu kabisa). Ala ya Kiflemi ya mtindo wa awali wa akina Ruckers, mafundi wa Antwerp, inaweza kuwa na vibonye 45 tu, kuishia c3, na oktavo fupi upande wa chini: kibonye kinachoonekana kama E hutoa C, cha F shapu hutoa D, na cha G shapu hutoa E. Ala ya Kiitalia mara nyingi ina kibodi moja, sauti kavu inayotoka haraka na kufa haraka. Sasa chukua sonata za Domenico Scarlatti: kadhaa kati ya hizo hupanda hadi g3. Kwenye ala inayokomea f3 noti hiyo haipo, na ustadi wa vidole hauwezi kuileta.

Waandikie waandaaji mapema na uulize: kibodi ngapi, zinaanzia noti gani hadi gani, zina safu zipi za waya (kwa kawaida mbili za futi 8, zenye kimo cha kawaida, na moja ya futi 4, oktavo moja juu), kibodi zinaunganishwaje, ala imepandishwa hadi herzi ngapi, na imetuniwa kwa mfumo gani. Swali la kuunganisha kibodi hudharauliwa sana. Kwenye ala nyingi za Kifaransa unasukuma kibodi moja ili ziungane, na hilo halifanyiki huku kibonye chochote kimebonyezwa. Ukilazimisha, jeki (kijiti kinachodonoa waya) hukwama au huvunjika. Kwenye ala nyingine kuna jeki zenye kigoti, zinazoguswa na kibodi zote mbili. Hapo safu ya juu ya futi 8 ikiwa wazi, italia pia kutoka kibodi ya chini. Maana yake huwezi kupata sauti mbili zinazojitegemea, moja kila mkono. Kwa Tofauti za Goldberg za Bach (1741), ambamo yeye mwenyewe ameandika ni zipi za kibodi moja na ni zipi za mbili, habari hii inabadilisha mpango wako wote.

Kiwango cha sauti kinachotumika zaidi kwa muziki wa Baroque (takriban 1600–1750) leo ni A = 415 Hz, takriban nusu toni chini ya 440 ya piano za leo. Muziki wa Kifaransa hupigwa mara nyingi kwa 392, nusu toni nyingine chini. Kama una sikio linaloshikilia majina ya noti, anza kufanya mazoezi kwenye 415 miezi mitatu kabla, la sivyo macho yatasema C na sikio litasema B. Ala nyingi zina kibodi inayosogezwa ili kuhama kati ya 392, 415 na 440. Kumbuka mambo mawili: ikisogezwa, unaweza kupoteza noti moja mwishoni, na kama ala ilitunishwa kwa mfumo usio na mgawanyo sawa, funguo za muziki (kama C meja) zinazolia tamu na zinazolia chungu nazo zimehama. Lazima itunishwe upya.

Mfumo wa kutuni unastahili kutulia nao kidogo. Katika mgawanyo sawa wa piano, kila kwinti (umbali wa noti tano, C hadi G) ni senti 700; nusu toni moja ni senti 100. Katika mintoni ya robo koma, mfumo uliotawala karne ya 16 na sehemu kubwa ya karne ya 17, kwinti hubanwa hadi karibu senti 696.6 ili tersi kubwa (umbali wa noti tatu, C hadi E) iwe safi kabisa, senti 386. Gharama yake ni kwinti moja iliyobaki, ambayo hupanuka hadi senti 737 hivi na kulia kama mbwamwitu, ndivyo inavyoitwa. Tena, kibonye kilichotuniwa G shapu hakiwezi kuwa A flati. Kwa watunzi wa karne ya 17 kama Frescobaldi au Froberger mfumo huu huzipa noti zinazogongana uchungu wake. Kwa Bach kwenye F shapu maina ni balaa. Mfumo wa Vallotti ni wa usuluhishi: kwinti sita kutoka F hadi B (F–C–G–D–A–E–B) zimebanwa kwa sehemu ya sita ya koma (pengo dogo ambalo kwinti 12 safi huzidi oktavo saba) kila moja, sita nyingine ni safi. Funguo zote hupigika, ila kila moja ina rangi yake.

Kwa hiyo pitia programu yako na penseli. Andika kila kipande kinatumia shapu na flati zipi. Ukikuta kipande kimoja kinataka D shapu na kingine E flati, na raundi ni ya mintoni, panga upya sasa. Hakuna mwandaaji atakayesimamisha shindano ili mtunishaji akubadilishie noti moja.

Kupanga vipande na dakika

Raundi ya kwanza kwa kawaida inachanganya karne ya 17 na Bach. Raundi za baadaye huongeza Wafaransa wa karne ya 18, Scarlatti, na mara nyingine konseto na kundi la ala za kale. Usichague vipande vyote vya kelele. Wafaransa Royer na Forqueray huwavutia wasikilizaji, lakini katika muziki usio na pa kujificha, alamandi (aina ya dansi) ya Froberger au preludi isiyo na mizani ya Louis Couperin, ndipo jaji husikia kama unajua unachofanya. Preludi hizo zimeandikwa kwa noti nzimanzima na mistari ya kujipinda bila kuonyesha urefu wa noti. Mpigaji anayezipiga kwa pigo sawasawa amejieleza mwenyewe.

Muda hupimwa kwa saa. Ukiambiwa dakika 20, jenga programu ya dakika 18 na nusu, pamoja na kubadilisha safu na kupumua kati ya vipande. Amua marudio mapema: ukirudia sehemu, mara ya pili iwe na mapambo mapya yenye sababu; kama huna la kuongeza, usirudie. Ukizidiwa na dakika, tokata za Frescobaldi (vipande huru vya sehemu nyingi fupi) zina mlango wa halali. Katika dibaji ya kitabu chake cha kwanza cha tokata (1615) mtunzi mwenyewe anaruhusu mpigaji kuishia pale anapotaka, ilimradi ni mahali sehemu inapofunga. Kukata fuga ya Bach (kipande ambamo sauti hufuatana kwa wazo moja) katikati hakuna ruhusa hiyo.

Vyanzo vinapaswa kusikika

Pakua matoleo ya asili. Mengi yapo IMSLP, maktaba ya noti mtandaoni. Linganisha na toleo la uhakiki unalotumia, hasa viungo vya noti, mapambo na alama za shapu na flati. Kisha soma kile mtunzi au watu wa zama zake walichosema. Mfaransa D'Anglebert (1689) ana jedwali la mapambo 29. François Couperin alichapa mwongozo wake wa kupiga hapsikodi mwaka 1716, na humo anakiri kwamba Wafaransa huandika tofauti na wanavyopiga: noti ndogo zinazofuatana hatua kwa hatua hupigwa zisizolingana, ya kwanza ndefu kuliko ya pili. C.P.E. Bach, mwana wa Bach (kitabu cha 1753), anafaa zaidi kwa muziki wake na wa kizazi chake kuliko kwa Frescobaldi.

Kosa la kawaida ni kuchanganya sheria. Kutolinganisha noti kwa mtindo wa Kifaransa ndani ya konseto ya Kiitalia ya Bach (1735), au kuanza kila trili (noti mbili jirani zinazopishana) na noti ya juu hata kwa muziki wa Kiitalia wa mwanzoni mwa karne ya 17, huonyesha kwamba umesoma kitabu kimoja ukakiamini kwa kila jambo. Kosa la upande wa pili ni kuweka mapambo yote ya jedwali kwa unadhifu wa roboti. Trili ya polepole kwenye dansi ya sarabandi na ya haraka kwenye dansi ya jigi si pambo moja.

Kuhusu mguso: hapsikodi haiongezeki sauti ukibonyeza kwa nguvu. Unachoongeza ni kishindo cha mbao. Jeki hubeba unyoya mdogo, au plastiki badala yake, unaodonoa waya, na kidole chako kinapaswa kuhisi pale unyoya unapoanza kushika. Msisitizo hupatikana kwa njia nyingine: kuchelewesha noti kwa sekunde isiyohesabika, kuacha ukimya mfupi kabla yake, kutandaza akodi (noti kadhaa za pamoja) polepole au haraka, kushikilia noti za akodi ziendelee kulia chini ya nyingine. Kuachia kibonye kuna uzito sawa na kukibonyeza, kwa sababu kitambaa cha kuzimia kinaangukia waya papo hapo. Jaribu vidole vya kale, kwa mfano 3-4-3-4 mkono wa kulia ukipanda. Majaji hawatoi alama kwa vidole. Wanasikia jinsi noti zinavyojipanga mbili mbili, nzuri na dhaifu. Kinanda cha kielektroniki chenye sauti ya hapsikodi hakina ile hatua ya kudonoa, kwa hiyo kinafaa kujifunza noti tu.

Rekodi ya mchujo

Ala itunishwe siku hiyohiyo, na iguswe tena kila baada ya dakika 40 hivi. Weka maikrofoni mbili mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye kifuniko kilicho wazi. Ukizisogeza karibu zaidi utanasa mbao za jeki. Ukizipeleka mbali, ukumbi utameza matamshi. Zima kidhibiti cha sauti cha kujiendesha, ambacho simu nyingi huwa nacho: hupandisha noti zinazofifia na kushusha mwanzo wa noti, yaani kinaua kile hasa unachotaka kisikike. Acha nafasi ya desibeli 6 au zaidi juu ya kilele. Kamera ionyeshe mikono na uso bila kukatwa, kila kipande kwa mfululizo mmoja. Kama kanuni zinataka programu nzima bila kusimama, usiunganishe vipande. Mahali pa kuunganisha husikika kwenye mlio wa chumba.

Fomu yenyewe ni kazi ya mchana mmoja, lakini huangusha watu. Tarehe ya mwisho ina saa na ukanda wa saa. Ada hairudishwi. Taja kila kipande kwa namba kamili ya katalogi, BWV kwa Bach au K. kwa Scarlatti, na kila sehemu yake, kwa sababu baada ya tarehe fulani hutaruhusiwa kubadilisha. Omba barua ya mwaliko kwa ajili ya viza siku ileile unayopokea jibu la kukubaliwa.

Beso kontinuo

Shindano likiwa na sehemu ya kontinuo (kujaza akodi juu ya beso), utapewa mstari wa beso wenye tarakimu zinazoonyesha akodi na kuambatana na mwimbaji au fidla, pengine bila kuona noti kabla. Fanya mazoezi kila siku kwa sonata za Corelli za opus 5 (1700): kwanza sauti tatu tu, kisha nne, kisha punguza tena. Waombaji huharibu kwa kujaza. Mkono wa kulia ukipanda juu ya sauti ya mpigaji wa juu, unamfunika. Ukipiga akodi nzito kila pigo, unamfunga mwendo. Katika resitativo (uimbaji unaofuata mwendo wa usemi) akodi hutandazwa kufuata maneno, na mara nyingine kuachwa mapema kabisa ili neno lisimame peke yake.

Siku ya shindano

Mazoezi kwenye ala ya jukwaani huwa mafupi. Usiyatumie kupiga programu nzima. Panga urefu wa kiti, jua vishikio vya safu viko wapi na vinavutwa upande gani, kisha piga kila kibonye cha kila safu peke yake, chini hadi juu. Baada ya hapo piga preludi fupi ya kubuni katika ufunguo wa kipande chako cha kwanza. François Couperin alisema preludi zina kazi hiyo, kulainisha vidole na kujaribu ala usiyoizoea, na jukwaani pia hakuna atakayekulaumu ukifanya hivyo kwa sekunde kumi. Mwisho, rudia sehemu mbili zenye marudio ya haraka ya noti moja. Hapo ndipo ala mpya hukusaliti.

Taa zinapowashwa, waya hupata joto, hurefuka na sauti hushuka. Unyevu wa watu ukumbini huvimbisha ubao wa sauti na kuipandisha. Ndiyo maana mtunishaji hukaa karibu. Jeki ikikwama na noti ikakataa kurudi, usiinue kifuniko wala kuchokoa kwa kidole: maliza sehemu, inua mikono, mwite fundi, na subiri. Waya ukikatika, fanya vivyo hivyo, na uombe kuanza tena mwanzoni mwa kipande.